NHC, modeli au karata za taroti: ufuate nini msimu wa vimbunga ukichachamaa?

Kila mwaka ikishafika katikati ya Agosti simu yangu haipoi. "Dada, hiki kidude cha kwenye ramani kinakuja kwetu au kinapita?" "We si unajua karata, hebu nitolee moja." "Mbona modeli ya Ulaya inasema hivi alafu ya Marekani inasema vile?" Mi nakaa kando ya ghuba ya Tampa, Florida, na vyote vitatu nafanya: nasoma taarifa za NHC, kituo cha vimbunga cha Marekani, nachungulia modeli (zile hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa) usiku wakati nimeshaaga kwamba nalala, na pakiti ya karata za taroti ipo kwenye droo ya jikoni, chini ya viberiti. Kwahiyo sijaja hapa kumcheka mtu. Ila naona watu wanazichanganya hizi njia kama vile zote zinajibu swali moja, kumbe kila moja na swali lake, ndo maana nimekaa nikazipanga moja moja.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Nimetumia maswali manne kwa zote: inajibu swali gani hasa, inakupa muda kiasi gani wa kujiandaa, ikikosea utajuaje kwamba imekosea, na inakuachaje kichwani, maana msimu wa Atlantiki unaanza 1 Juni unaisha 30 Novemba, hizo ni siku 183, na hakuna binadamu anayeweza kukaa roho juu siku 183. Hilo swali la tatu ndo nalipa uzito zaidi, mtaona mbele kwanini.

Utabiri wa msimu mzima, ule wa Chuo Kikuu cha Colorado State wa Aprili na ule wa NOAA, shirika la hali ya hewa na bahari la Marekani, wa Mei, sijauweka kwenye mashindano. Wenyewe unakwambia tu msimu utakuwa na dhoruba nyingi au chache kuliko kawaida, na kawaida ni 14 zenye majina, 7 kati yao vimbunga, 3 vikubwa. Mwaka 1992 ulikuwa mkimya kabisa, dhoruba ya kwanza kupewa jina ilisubiri mpaka Agosti, jina lenyewe likawa Andrew, na mji wa Homestead, kusini mwa Florida, ukasambaratishwa na kategori 5, ngazi ya juu kabisa ya nguvu za kimbunga. Waliokuwa Homestead msimu mkimya uliwasaidia nini?

Haya, tuanze.

Taarifa za NHC

Hiki ni kituo cha taifa cha vimbunga, kipo Miami. Kimbunga kikishaanza kufuatiliwa wanatoa taarifa kila baada ya saa sita: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni, saa 5 usiku kwa saa za huku Florida majira ya joto. Onyo likishatangazwa kwenye pwani fulani wanaongeza za katikati, saa 8 na saa 2. Mi zile saa zimeshaniingia mwilini, Septemba naamka alfajiri bila alamu.

Swali inalojibu: kitovu cha kimbunga kitakuwa wapi siku tano zijazo, upepo utakuwa na nguvu kiasi gani, na pwani ipi ianze kujiandaa. Na sio kompyuta peke yake inayojibu, kuna mtu amekaa pale ameziangalia modeli zote, ameangalia data za zile ndege zinazoingia ndani ya kimbunga (za jeshi la anga zinatokea Biloxi, Mississippi), ndo akaandika.

Muda inaokupa: kwenye ramani yao ya siku saba utaona alama ya njano, chungwa au nyekundu kabla hata dhoruba haijazaliwa, asilimia za uwezekano zimeandikwa pembeni. Kimbunga kikishakuwepo, tahadhari inatoka kama saa 48 kabla upepo wa dhoruba haujafika, onyo kamili saa 36. Saa 36 zinaonekana nyingi mpaka siku utakapokaa kwenye foleni ya petroli.

Ikikosea utajuaje: hapa ndo napowapenda. Kila mwisho wa msimu wanajikagua wenyewe, wanaandika walikosea maili ngapi, na koni mnayoiona kwenye ramani, lile eneo ambalo kitovu kinaweza kupita, inachorwa kutokana na makosa yao ya miaka mitano iliyopita, duara zimepimwa ili thuluthi mbili ya makosa hayo ziingie ndani. Maana yake thuluthi moja ya wakati kitovu kinatoka nje ya koni, na hiyo sio siri, wanaisema. Pia koni ni ya kitovu tu. Haisemi kimbunga ni kipana kiasi gani wala mvua itanyesha wapi, na watu wengi huku wanaangalia ile picha tu, mstari wa katikati ukipita mtaa wa pili wanashusha pumzi. Helene ya 2024 ilitua Florida usiku wa 26 Septemba, lakini mafuriko mabaya kabisa yalikuwa milimani magharibi ya North Carolina, huko Asheville, mamia ya maili kutoka baharini. Onyo la mafuriko ya bara lilikuwepo kwenye maandishi, ila maandishi nani anasoma.

Panapowashinda zaidi ni nguvu kuliko njia. Otis, upande wa Pasifiki, Oktoba 2023, kilitoka dhoruba ya kawaida mpaka kategori 5 ndani ya siku moja tu kikaipiga Acapulco, na utabiri haukukiona.

Kichwani: taarifa ni kavu, haina mbwembwe, ukisoma mara mbili kwa siku inatosha kabisa. Watu wengine ule ukavu unawaongezea hofu, wanataka mtu awaambie "usijali", na NHC hawasemi usijali hata siku moja.

Kuangalia modeli mwenyewe

Hii ndo ugonjwa wangu. Modeli ya Marekani inaitwa GFS, inakimbizwa mara nne kwa siku na inakwenda mpaka siku 16 mbele. Ya Ulaya ni ECMWF, ina kundi lake la matokeo 51 yanayoanza na tofauti ndogo ndogo, ukiyachora yote kwenye ramani moja unapata ile mistari tunayoita tambi. Na msimu wa 2025 modeli ya akili bandia ya Google DeepMind imewashangaza watu kwa jinsi ilivyozipatia njia za vimbunga.

Swali inalojibu: hali ya hewa ikianza hivi ilivyo sasa, kanuni za fizikia (au mazoea ya nyuma, kwa zile za akili bandia) zinaipeleka wapi. Basi. Haijui wewe unakaa wapi na haijui kama jana usiku imesema kinyume.

Muda: kwenye karatasi ni mwingi kuliko njia zote. Kwa ukweli, kile kimbunga cha siku ya 14 unachokiona GFS imekichora ghuba ya Meksiko, chekundu kabisa kinatisha, mara nyingi hakijazaliwa na hakitazaliwa. Mkimbizo unaofuata kimeshahamia Bahamas, wa baada ya hapo kimepotea. Mi nimeshawahi kuamsha nyumba nzima kwa kimbunga cha namna hiyo, siongezi neno.

Ila kuna siku modeli inaokoa. Sandy, 2012, ya Ulaya ilionyesha mapema kwamba kimbunga kitakata kushoto kiingie pwani ya kaskazini mashariki wakati ya Marekani bado inakitupa baharini, na kikaingia New Jersey tarehe 29 Oktoba kama Ulaya ilivyosema. Ndo maana wapenzi wa modeli hatuponi, tumeonjeshwa asali mara moja.

Ikikosea utajuaje: unajua, kwasababu imesema sehemu na saa. Shida ni wewe msomaji. Ukiwa na mistari 51, mmoja lazima upite juu ya paa lako na mwingine uende mbali, na kila mtu anachagua wa kuuamini kutokana na alivyoamka. Mwenye hofu anaona ule unaokuja, mwenye uvivu wa kufunga mbao madirishani anaona ule unaokwenda baharini. Namna ya kuzisoma ni kuangalia fungu zima, tambi zimekusanyika au zimetawanyika, na zinahamia upande gani mkimbizo baada ya mkimbizo. Mstari mmoja peke yake ni umbea.

Kichwani: mbaya. Nasema kama mgonjwa.

Karata za taroti

Kwa asiyezijua: ni karata 78, kubwa 22 na ndogo 56, zile ndogo zimegawanyika vikombe, fimbo, panga na sarafu. Zilianza Italia ya kaskazini karne ya 15 kama mchezo wa kawaida tu wa karata, habari ya kupigia ramli ilikuja baadaye sana, karne ya 18 huko Ufaransa. Picha wengi tunazozijua zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatoka 1909. Msimu ukiwa na vurugu, wasomaji wa karata wanatoa karata kwa kila dhoruba: ya kwanza nguvu, ya pili njia, ya tatu kitakachobaki nyuma. Wengine wanahesabu vikombe kama maji na panga kama upepo. Ni kazi nzuri kuiangalia, mtu akiwa na jicho la picha anaweza kukaa saa nzima.

Swali inalojibu: we una hali gani mbele ya hiki kimbunga. Najua wengine hawatakubali, watasema inajibu kimbunga kitakwenda wapi. Ngoja nieleze.

Jumatatu ya tarehe 26 Septemba 2022, Ian kiko Karibi kinaelekea Cuba, mstari wa katikati ya koni unakuja kwetu Tampa. Nikatoa karata tatu mezani. Mnara, Mwezi, Panga Kumi. Mnara ni ile karata yenye jengo linalopigwa radi, taji limeruka, watu wawili wanaanguka kichwa chini. Panga Kumi ni mtu amelala kifudifudi na mapanga yote kumi mgongoni. Nikasema tumekwisha. Muda huohuo dada mmoja rafiki yangu wa Fort Myers, kusini kwetu kwenye ukingo wa koni, akapiga simu anataka yake. Ikatoka Nyota, karata ya matumaini, mojawapo ya karata nzuri kuliko zote. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Mwenzangu we uko salama, ntakuja kulala kwako."

Ian kikakata kulia. Jumatano tarehe 28 kikatua kisiwa cha Cayo Costa, jirani na Fort Myers, kategori 4, upepo maili 150 kwa saa, bahari ikaingia Fort Myers Beach mpaka ikabeba nyumba. Kwetu Tampa upepo ulisukuma maji kinyume, ghuba ikakauka, yakabaki matope na watu wanapiga picha. Yule dada aliondoka Jumanne kaunti yake ilipotoa amri, sio kwasababu yangu. Alivyorudi akanipigia: "Nyota yako nusura inizike."

Sasa sikilizeni hii ndo nataka muisikie. Wiki moja baadaye nikaichukua ile Nyota nikaiangalia vizuri. Mwanamke amepiga goti pembeni ya maji, ana mitungi miwili, mmoja anamwaga bwawani, mwingine anamwaga NCHI KAVU. Nywele zikanisimama. Nikaanza kujiambia, kumbe ilisema! maji yamemwagwa nchi kavu! ni mimi tu sikusoma! Na Mnara wangu je? Si umeme ulikatika. Na Mwezi si ndo kupwa na kujaa, na ghuba ilikauka. Kwa nusu saa hivi nilikuwa nimeshajisamehe na karata zimepatia zote.

Hilo ndo jibu la "ikikosea utajuaje": hutajua. Baada ya tukio karata yoyote inageuzwa ikakaa. NHC akisema Tampa kikaenda Cayo Costa imeandikwa, kosa ni maili kadhaa, mwakani koni inarekebishwa. Nyota haina maili.

Alafu kuna hesabu. Karata tatu kutoka 78, nafasi ya Mnara kuwemo ni moja kwa 26. Ukitoa tatu kila siku kwa siku zote 183, Mnara utakutembelea kama mara saba hata bahari ikiwa imelala usingizi. Na lazima mara moja kati ya hizo saba kutakuwa na dhoruba mahali fulani.

Kuna nyingine wasomaji wa karata wanaipenda sana na nakiri ilinishika. Majina ya dhoruba ni 21 kwa mwaka, herufi Q, U, X, Y na Z hazitumiki, na karata kubwa ni 22 ukihesabu Mpumbavu ambaye ni sifuri. Sasa panga: jina la 13 ni la herufi M, karata ya 13 ni Kifo. Angalia M za karibuni: Matthew 2016, Maria 2017, Michael 2018, Milton 2024, Melissa 2025 iliyoipiga Jamaica ikiwa kategori 5. Utasema nini? Mi nilitetemeka. Mpaka nilipoendelea kuhesabu. Herufi iliyostaafishwa majina mengi kuliko zote (yaani hayatumiki tena), kwa ubaya wa vimbunga vyake, ni I: Ivan, Ike, Irene, Irma, Ida, Ian mwenyewe. I ni ya tisa, na karata ya tisa ni Mzee Mpweke, babu ameshika taa yake mlimani, kimyaaa. Na Mnara, karata ya 16, unaangukia herufi P, ambayo imestaafisha Paloma wa 2008 basi. Sababu ya I na M ni ya kawaida tu, orodha inafika hapo Septemba na Oktoba, bahari imeshachemka kiasi cha kutosha.

Muda inaokupa: wowote unaoutaka, ndo tatizo, haina saa.

Kichwani: hapa sasa karata zinawashinda wenzake wote, na nasema kwa haki. Kimbunga kinakuja na mwendo wa baiskeli, unasubiri siku tatu, huna cha kufanya, mikono inatafuta kazi. Kukaa mezani na karata tatu ukajiuliza "nini naogopa, nini sijakifanya" kunamtuliza mtu. Vikombe Tano, yule aliyevaa joho jeusi anayelilia vikombe vitatu vilivyomwagika na viwili vimesimama nyuma yake hajaviona, mi iliwahi kunikumbusha kwamba kwenye hofu yangu yote ya paa sijampigia jirani yangu mzee asiye na gari. Hiyo karata ilifanya kazi kubwa siku ile kuliko koni. Ila haikusema lolote kuhusu kimbunga.

Sasa we uko kwenye hali gani?

Kama unakaa zoni ya kuhama, hizi za A na B za karibu na maji, fuata NHC na kaunti yako, amri ikitoka unaondoka. Zoni zimechorwa kwa maji ya bahari yatakavyoingia, sio kwa upepo, kwahiyo habari ya "nyumba yangu ya matofali" haipo. Modeli na karata utavikuta huko unakokwenda kulala.

Uko bara au milimani, mstari hauko kwako: bado ni NHC na ofisi ya hali ya hewa ya eneo lako, ila soma maandishi ya mvua na mafuriko, achana na picha.

Una safari au harusi ya ufukweni wiki mbili mbele na unataka kujua uhamishe tarehe au usihamishe, hapo modeli zinakufaa, lakini za kundi, na uangalie siku tatu nne mfululizo kabla hujapiga simu yoyote. Ukiona kidude kimoja chekundu siku ya 14 funga kompyuta.

Ndugu yako yupo Jamaica au Puerto Rico na we uko mbali huna la kufanya: taarifa asubuhi na jioni, mtumie kwa maneno mepesi maana yeye anaweza akawa hana intaneti. Na wewe mwenyewe kama karata zinakutuliza toa, hakuna ubaya, mradi usimtumie yeye picha ya Mnara.

Hulali kabisa? Modeli ziache mwezi mzima. Hata mimi ndo natakiwa kufanya hivyo.

Na kama we ndo msomaji wa karata na watu wanakuuliza kama kimbunga kinakuja, utaratibu wangu tangu Ian ni huu: swali la "kinakuja?" silitolei karata hata unililie. Yule dada wa Fort Myers bado ananipigia. Kabla ya Milton, Oktoba 2024, kinapiga kategori 5 katikati ya ghuba ya Meksiko, akanipigia usiku, "nitolee moja tu." Nikamuuliza tenki la gari lina mafuta kiasi gani. Akasema nusu. Nikamwambia nenda kajaze kwanza, ukirudi ndo ntafungua droo.